Safu ya Tatu

Kamba ya mita kumi, vigingi vinne, nyundo.
Kigingi hakiingii. Hapa Kiuyu udongo ni wa kukopa:
kiganja kimoja ndani ya tundu la jiwe,
na katika kiganja hicho mti mzima umejibana
kama mgeni aliyepewa ncha ya mkeka.

Twaviegemeza vigingi kwa mawe.
Shaame, aliyeacha tanuri la chokaa kwa wiki moja,
avuta kamba. Mimi naandika.
Fomu ina safu tatu: wa asili, gugu, adimu.

Mkwamba, kumi na mmoja. Mlapaa, sita.
Mjoma uliokatwa, ukachipua, ukakatwa tena,
je, niuhesabu mara moja au mara tatu?
Msiliza unaonifika magotini,
na Shaame aapa kwamba mamaake aliukuta hivyo hivyo.
"Huu haukui," asema. "Huu unangoja."

Magugu huandikika upesi.
Mlusina uliletwa na mradi;
mradi ukaondoka na gari lake, mlusina ukabaki kama deni.
Mpungate ulikuwa ua wa mtu aliyehamia Wete.
Ua halikuhama naye. Lilivuka njia,
likavuka shamba, sasa linatazama bahari.
Naandika: gugu.
Shaame achuma tunda lake, alisugua mchangani
miiba itoke, anikatia nusu.
Tone jekundu laanguka juu ya safu ya pili.

Ya tatu ndiyo niliyotumwa.
Nina picha ndani ya mfuko wa nailoni:
jani lenye umbo la ulimi wa mbuzi, mgongo wa fedha,
lilichumwa mara moja tu, zamani,
na mtu ambaye mwandiko wake hausomeki.

Siku tatu. Viwanja kumi na sita.
Jua la Februari hapa hupanda kutoka chini, kutoka jiweni;
viatu vyangu vimeanza kufunua midomo.
Safu ya tatu: sifuri. Sifuri. Sifuri.
Naziandika vizuri, za mviringo, kama mayai.

Siku ya nne tuliomba maji kwa Bi Mize,
aliyekaa juu ya kokoto zake akiponda,
mpini wa nyundo umelika kwa umbo la kiganja chake.
Nikanywa. Nikainua uso.
Banda la mbuzi: nguzo nne, fito, makuti.
Nguzo moja ilikuwa na majani.

Manne.
Nikaligeuza moja.
Fedha.

"Huo? Mchelewa," alisema bila kuacha kuponda.
"Mvua huja, huisha, miti yote ishakunywa ishalala,
ndipo wenyewe uamke uulize kuna nini.
Mgumu huo, mchwa wauogopa.
Nliukata mwenyewe mwaka juzi, pale penye shimo la popo."

Shimo la popo. Kiwanja cha tano.
Niliweka yai langu pale,
na kisiki kilikuwa hatua tatu nje ya kamba.

Shaame alicheka, kisha akanyamaza.
Mbuzi akanyoosha shingo kwenye jani la chini kabisa,
nami nikapiga ukelele ambao sijapata kumpigia mbuzi wa mtu.
Hapo ndipo nyundo ya Bi Mize iliposita.

Fomu inauliza: mahali. Nikaandika: nguzo ya banda.
Fomu inauliza: idadi. Mmoja.
Fomu inauliza: hali.
Hai, umekufa, umekatwa. Chagua jibu moja.

Nilikaa na kalamu hewani muda mrefu,
hata Bi Mize akachoka kunitazama.
Akanipokonya kikombe,
maji niliyoyabakisha akayamwaga
mguuni mwa nguzo,
akarudi kwenye kokoto zake.